Rupia Iliyokuwa Kioo

Kwenye mambo ya vyuma na sarafu, mimi nilikuwa mtu asiyeshangazwa na kitu. Nasema hivyo bila kuona haya. Shule niliachia darasa la nne, kalamu ilinishinda, lakini niwekee mkononi kipande chochote cha shaba au fedha, nifumbe macho, nitakwambia ni nini na thamani yake. Nilianza kwa kuokota misumari kandokando ya reli nikiwa na kaptula moja. Nikafika kwenye mizani ya kukodi, nikafika kwenye mizani yangu mwenyewe, nikafika kwenye fremu ya duka pale Kanyenye, Tabora, yenye mlango wa bati jekundu, na nje yake guta la injini, lile la magurudumu matatu, la kufuata mzigo vijijini. Hakuna mtu aliyenishika mkono. Waliosoma ndio waliokuwa wanakuja kuniuliza mimi.

Sarafu za kale zilikuja zenyewe. Mkulima wa Puge analima kwa plau, ng'ombe wanavuta, mara kitu kinagonga chuma: rupia ya Mjerumani. Njia ya misafara ilipita huko. Babu zetu walibeba pembe kwenda pwani na kurudi na vitambaa, wakaangusha, wakafukia, wakafa, na ardhi inarudisha kidogokidogo. Mkulima ananiletea rupia nyeusi kama mkaa, imeganda udongo. Naiosha. Ukwaju, majivu ya jikoni, gunzi la mahindi, dakika kumi tu inang'aa. Nimefanya hivyo miaka yote na hakuna mnunuzi aliyewahi kulalamika, maana wengi wao walikuwa masonara, nao wanaziyeyusha. Sonara anataka fedha safi, basi.

Na nilikuwa na kanuni yangu, niliitunga mwenyewe: sarafu ya kweli ina makovu. Imepita mikononi, imefungwa kwenye pindo la kanga, imechimbiwa chini ya kitanda. Ikija imekamilika kila kitu, pua ya mzungu imesimama, herufi zinakata kidole, hiyo imemiminwa juzi kwa ajili ya watalii. Wangapi nimewarudisha nyumbani na bandia zao. Kanuni ile haikuniangusha hata siku moja, mpaka siku iliponiangusha na nyumba ya dada yangu.

Dada ndiye aliyenilea. Mama alitutoka sijaanza shule, naye dada akiwa msichana wa kuuza karanga za kuchemsha stesheni. Misumari yangu ya kwanza alinibebea yeye kichwani kwenda kwa mnunuzi, akasimama pale kuhakikisha siibiwi kwenye mizani. Baadaye aliolewa na mtu wa Puge, karani kwenye ghala la tumbaku, mtu mpole aliyekunja shati lake hata kama linakwenda kufuliwa. Wakajenga Ntalikwa, nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba vinne na kisima uani. Mtoto hawakujaliwa. Shemeji akafa mwaka juzi, na arobaini ilipokwisha tu, wadogo zake wakashuka kutoka Puge kudai nyumba ya kaka yao.

Sitawatukana. Kwa hesabu za kwao walikuwa na haki, na baraza la kata liliona hivyo hivyo. Uamuzi ulikuwa dada abaki kwenye nyumba kama atawalipa sehemu yao, milioni saba, ifikapo Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Asipolipa, nyumba inauzwa na kila mmoja anachukua fungu lake. Fungu la dada lisingemnunulia hata chumba na sebule. Mwanamke wa miaka sitini na ushee, magoti yanamsumbua, aanze kupanga. Nikasimama pale barazani, suruali imepigwa pasi, nikasema wasihangaike, mimi nipo. Mkubwa wa mashemeji akaniuliza kama nina milioni saba. Nikamwambia akaulize Kanyenye mimi ni nani.

Ukweli ni kwamba sikuwa nazo. Mfanyabiashara wa chuma pesa yake imelala chini inashika kutu, inasubiri bei.

Siku kumi na moja kabla ya ile Ijumaa, dada alikuja dukani, kitu kimefungwa kwenye mtandio. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akakaa kwenye kigoda akafungua. Kisanduku kidogo cha mbao, ndani kitambaa cha buluu, laini kama manyoya ya panya, na katikati kimelala kipande cha rupia mbili, kile kikubwa, mzungu mwenye kofia ya chuma iliyokaliwa na ndege, na upande wa pili simba chini ya mnazi. Alisema babu wa marehemu mumewe alikuwa mpishi wa Mjerumani mmoja pale boma. Mjerumani alipokimbia mji alimwachia kisanduku, akamwambia amtunzie mpaka arudi. Hakurudi. Kikatunzwa kama amana ya mtu, baba kwa mwana, na marehemu akamwachia yeye. Wale wadogo zake wanakijua, wanakiita kigae cha babu, hawakitaki.

Nilicheka. Nilimwambia, "Dada, hii ni bandia, tazama inavyong'aa."

"Ipime," akasema.

Nikaipima, uzito sawasawa. Nikaigonga na ukucha, ikalia ile sauti ndefu ambayo bati haliwezi kuigiza. Hapo nikaacha kucheka. Nikaipiga picha kwa simu, nikamtumia mtani wangu wa Dar.

Huyu mtani ni mama wa Kizaramo anayenunua sarafu za kale na kuziuza ng'ambo kwa watu wanaozikusanya. Hupanda treni kuja kwetu mara mbili kwa mwaka. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu hiyo misafara, kwa hiyo akifika dukani hanisalimii, ananisema. Kwamba sisi kazi yetu ilikuwa kubeba tu, babu zangu walitembea miezi mitatu na masanduku ya watu kichwani na hawakuwahi kuuliza ndani mna nini. Nami namjibu kwamba babu zake walikaa pwani wakisubiri nazi ianguke. Hata msibani mtani hanyamazi. Amewahi kumkuta binamu yangu ndani ya sanda akamwambia amka ulipe deni.

Jibu lake lilikuja kwa ujumbe wa sauti, na halikuwa na utani hata chembe. "Mtani, nisikilize vizuri. Kama ni hivi ninavyoiona, nakupa milioni nane. Nakuja wiki ijayo, Alhamisi. Usiiguse. Usiifute, usiipulize, irudishe kwenye kisanduku chake na ufunge."

Milioni nane. Dada alifunika uso kwa mtandio, mabega yakawa yanatikisika, nikajua analia kwa furaha. Aliniachia kisanduku, akaenda zake kwa miguu mpaka stendi kama msichana.

Sasa nisikufiche nilichofikiri. Nimenunua mali miaka zaidi ya ishirini. Kuna wakati niliuza asali pia, na mnunuzi wa asali akiona nta moja inaelea, anakukata bei. Mnunuzi wa shaba akiona rangi, anakata. Kazi ya mnunuzi ni kutafuta uchafu. Mimi mwenyewe ndivyo ninavyofanya. Mkulima akinijia na sufuria lenye masizi, masizi yale ndiyo chakula changu. Kwa hiyo mtu akikwambia usiisafishe, maana yake nini? Maana yake anataka aikute chafu ili milioni nane iwe tano. Niliiona hila yake kutoka Dar mpaka Tabora. Nikajisifu moyoni.

Na kweli nilikuwa nimeuona uchafu. Uwanja wa ile sarafu, yaani pale pasipo na sura wala herufi, ulikuwa unang'aa kama kioo cha kinyozi. Lakini sura ya mzungu ilikuwa nyeupe tu, haina mng'ao, kama mtu aliyepakwa unga. Simba naye hivyo hivyo. Na kuzunguka ukingo kulikuwa na kiwingu, buluu ikiingia kahawia. Nikasema hapa pamebaki kazi nusu.

Jumatano, siku moja kabla ya mtani kufika, nilinunua ukwaju wa shilingi mia tano kwa mama wa jirani na duka. Nikachota majivu. Kwa heshima ya sarafu yenyewe sikutumia gunzi, nilitumia kitambaa laini cha fulana. Nikasugua polepole, duara kwa duara, kama ninavyojua. Kiwingu kikaondoka. Weupe wa usoni ukaondoka. Mzungu akang'aa, simba akang'aa, mnazi ukang'aa, kila kitu kikawa rangi moja. Nikaisuuza, nikaikausha, nikairudisha kwenye buluu yake. Nililala usingizi mzuri kuliko siku zote za mwezi ule.

Alhamisi saa nne mtani akaingia, na dada alikuwa ameshakaa kwenye kigoda chake tangu saa mbili. Mtani akaanza mlangoni. Akamwambia dada pole kwa kuzaliwa tumbo moja na punda wa mizigo. Dada akacheka mpaka akashika kifua. Mtani akavaa glavu nyeupe, akatoa lenzi, akafungua kisanduku.

Akaishika kwa ukingo.

Akaigeuza upande mmoja, akaigeuza wa pili. Akaipeleka mlangoni kwenye jua, akairudisha. Mimi nikasubiri aseme ni chafu, nimcheke. Hakusema. Mtani anayeongea na maiti alikuwa amekosa neno la kuniambia mimi.

"Nani kaiosha?" akauliza, taratibu.

Nikasema ni mimi, nikaanza kueleza ukwaju na kitambaa cha fulana. Alitoa simu yake akaifungua ile picha niliyomtumia, akaikuza, akanisogezea.

"Huyu hapa ndani ya sarafu ni nani?"

Nikatazama. Pembeni mwa kofia ya mzungu, kwenye ule uwanja wa kioo, kulikuwa na mtu ameshika simu, na nyuma yake bati jekundu. Kofia yangu. Hata kifungo cha shati kilionekana.

"Ni mimi," nikasema.

Akaiweka sarafu mbele yangu. "Sasa jitafute."

Nikainama. Nikainua kichwa, nikainama tena. Palikuwa na mng'ao, ndiyo, lakini mng'ao wa sufuria iliyosuguliwa. Uso wangu haukuwemo. Akanipa lenzi na nikaona mikwaruzo, elfu kwa elfu, myembamba kama nywele, inazunguka duara kwa duara vilevile mkono wangu ulivyozunguka.

Aliniomba rupia ya kawaida, nikatoa moja ya Puge kwenye droo, akaziweka pamoja. Alinifundisha siku ile kitu ambacho nilidhani nakijua, na alinifundisha bila kunidharau, jambo lililoniumiza zaidi. Alisema hizi za kawaida zilipigwa chapa mara moja tu, haraka, zikaangukia kwenye gunia na nyingine, zikagongana kabla hata hazijanunua chumvi. Ikiwa mpya ukiigeuza juani, mwanga unazunguka juu yake kama spoku za baiskeli. Lakini ile ya dada haikutengenezwa kununua kitu. Muhuri wa kuipigia chapa ulisuguliwa kwanza ukawa kioo, halafu sarafu ikapigwa mara mbili, taratibu, moja moja, ikatolewa kwa mkono, ikawekwa kwenye kisanduku ili mkubwa fulani aione. Mwanga hauzunguki juu yake, unawaka au unazimika, kama maji ya kisimani ukichungulia. Ukingo wake umesimama wima kama umekatwa kwa wembe, na huu wa rupia ya kawaida ni mviringo kama mdomo wa sufuria kuukuu.

"Na ule weupe wa usoni?" nikauliza. Sijui kwa nini niliuliza. Nilishajua.

"Ndiyo kazi yenyewe, mtani. Waliufanya makusudi. Uwanja kioo, sura umande. Kile kiwingu nacho ndicho kilichosema imekaa miaka mia bila kuguswa."

Dada alikuwa anakifuta kile kisanduku kwa pindo la mtandio. Alisema kwa sauti ndogo tu, hata hakuniangalia, "Marehemu alikuwa haipulizi. Akitaka kuitazama alikuwa anashika ukingo, tena kwa leso."

Nikamwambia, "Sasa dada, kwa nini hukuniambia?"

"Mdogo wangu," akasema, "nani anamfundisha fundi?"

Mtani alitoa laki sita. Alisema kibiashara isingefika hapo, kwamba wanaokusanya hawataki iliyosuguliwa hata kidogo, lakini anatoa kwa ajili ya utani wetu. Dada alizipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akakirudisha kile kisanduku kitupu kwenye mtandio. Aliaga. Alipofika mlangoni alishika bati kwa muda, halafu akatembea. Maumivu ya magoti yalikuwa yamerudi.

Ilikuwa saa sita Alhamisi. Baraza Ijumaa saa nne.

Najua jinsi mtu aliyebanwa anavyonuka. Nimenunua kwa wengi. Anakuja akiwa anatabasamu sana, anasema hana haraka, jasho liko juu ya mdomo. Unazunguka mzigo wake, unaupiga teke kidogo, unaguna. Unamwambia bei, anasema hapana, unamwacha afike mlangoni, maana unajua atageuka. Mchana ule nilikwenda kwa mshindani wangu wa upande wa pili wa soko, mtu niliyekuwa namwita mwanafunzi. Nikatabasamu. Nikasema sina haraka. Akatoka akazunguka guta langu, akalipiga teke tairi la nyuma, akaguna. Nikafika mpaka mlangoni. Nikageuka.

Shaba yote iliyolala ghalani, pamoja na mizani, niliitoa kwa milioni moja na laki sita. Aliipima kwa mizani ile ile yangu, na nilikiona kidole chake kinapokaa kupunguza uzito, kwa sababu changu hukaa pale pale. Nikapokea noti. Guta lilikwenda kwa milioni tatu kamili; nililinunua kwa zaidi ya mara mbili ya hapo. Ikafika jioni bado nakosa milioni moja na laki nane. Niliwapigia simu watu niliowahi kuwainua, mmoja hakupokea, mwingine alipokea akasema mtandao unakata, nami namsikia wazi kama yuko chumbani. Mke wangu alinitazama nikizunguka uani, akasema imebaki fremu. Nilijua. Nilikuwa naizunguka hiyo hiyo fremu kichwani tangu saa sita.

Asubuhi saa moja nikamgongea mama mwenye saluni ya jirani, ambaye amekuwa akiitamani fremu yangu kwa muda mrefu. Nikamwachia kwa kilemba, malipo ya kupishwa chumba, milioni moja na laki nane. Alihesabu noti mezani kwake, kati ya chupa za mafuta ya nywele, na mimi nikang'oa kufuli langu kwenye mlango mwekundu nikaondoka nalo mfukoni. Sijui nilitaka kulifungia nini.

Barazani nilifika nikitembea kwa miguu. Dada alikuwa amekaa mwisho wa benchi, laki sita zake kwenye kibindo, kando yake mashemeji, watatu, wamevaa makoti. Nadhani dada alikuwa amekwisha kuiaga nyumba akilini, kwa sababu aliponiona hakuinuka. Nikaweka bahasha mezani. Dada akafungua kibindo akaongeza zake. Mwenyekiti alihesabu mara mbili. Mkubwa wa mashemeji aliniambia kumbe Kanyenye walisema kweli juu yangu, na nadhani hakuwa ananidhihaki. Nikaingiza mkono mfukoni nikalishika kufuli.

Nimerudi kwenye mizani ya kukodi. Nanunua barabarani, kivulini mwa ukuta wa mtu, na saa saba ukuta hauna kivuli. Watu bado wananiletea sarafu. Mtu akifungua kitambaa siku hizi siigusi wala sicheki, nasogeza uso tu, polepole, nione kama nitajiona. Sijajiona tena.

Dada yuko Ntalikwa, kwenye vyumba vyake vinne. Kwenye kile kisanduku ameweka sindano na nyuzi. Jumapili nikienda, namwamkia, anaitikia, ananipakulia ugali na kisamvu, tunaongea habari za mvua. Juu ya ile rupia hajanisema hata neno moja, na mimi ningelipa tena ili aniseme.

Aliwahi kuniuliza kitu kimoja tu, kwamba yote pamoja yalinigharimu kiasi gani, maana anataka aniombee dua kwa hesabu kamili. Nilimwambia sikumbuki. Nakumbuka. Pamoja na ukwaju, ni shilingi milioni sita, laki nne na mia tano.